Kusikia Kwanza, Kusema Baadaye: Mwongozo kwa Mkristo wa Mwanza na Kandokando ya Ziwa

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya Mkristo mwenye shughuli nyingi hapa Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria: mama anayeanika dagaa, mvuvi wa kambini, kijana wa bodaboda, mwalimu, mwanafunzi wa chuo pale Nyegezi, muuguzi wa zamu ya usiku Bugando. Unatamani kulisikia neno la Mungu likutulie moyoni, na ungependa jirani yako naye alisikie, lakini siku inakwisha hujafanya hata moja kati ya hayo mawili. Jioni unafungua Biblia, macho yanasoma, akili iko kwenye deni la mzigo. Jumapili unakaa kanisani saa tatu nzima, na ukiulizwa Jumatatu mchungaji alisema nini, unachokumbuka ni tangazo la mchango wa bati.

Msimamo wangu ni huu. Wakristo wa leo tumefundishwa sana kusema. Kuna semina za uinjilisti, kuna mikutano ya hadhara, kuna mazoezi ya kwaya kila wiki. Kusikia hatufundishwi, kana kwamba kila mwenye masikio tayari anajua. Ndiyo maana tunawapelekea watu maneno tuliyokariri kwa wengine, nao wanayatambua mara moja kwamba ni ya kukariri.

Soma mwanzo wa Luka 5, habari ambayo mtu wa ziwani anaielewa upesi kuliko mtu yeyote. Ni asubuhi, wavuvi wanaosha nyavu baada ya usiku mtupu. Yesu anapanda chombo cha Simoni, anamwomba akisogeze mbali kidogo na ufuko, anaketi na kuwafundisha watu waliosongamana nchi kavu. Simoni yumo humo humo chomboni, amechoka, hana samaki hata mmoja, na anasikiliza mafundisho yote mpaka mwisho. Kushusha nyavu kunakuja baadaye. Kuambiwa kwamba atakuwa mvuvi wa watu ndiko kunakokuja mwisho kabisa. Hatua zifuatazo zinafuata mpangilio huo.

1. Andika kinachokutoa, kwa wiki moja

Chukua daftari dogo. Hata lile la mauzo linafaa, tumia kurasa za nyuma. Kila unapokaa kusali, kusoma au kusikiliza mahubiri, ukishtuka kwamba akili imeondoka, andika neno moja tu la kuonyesha ilikokwenda: simu, ada, mvua, mume, mpira, mwenye nyumba. Usijilaumu wala usijieleze. Andika, kisha urudi ulikokuwa.

Wiki ikiisha, fungua Marko 4:19. Yesu anapoeleza mfano wa mpanzi anataja miiba ya aina tatu inayolisonga neno lisizae: shughuli za dunia, udanganyifu wa mali, na tamaa za mambo mengine. Yapange maneno ya daftari lako katika mafungu hayo matatu. Watu wengi huanza wakiamini kwamba adui wao ni simu. Wakipanga hivi hugundua kwamba simu ni mlango tu, na kinachowatoa hasa ni jambo lisilokwisha: deni, kinyongo, au hofu ya kesho.

Hapo kwenye deni nataka tukae kidogo, kwa sababu biashara ya ziwani inaendeshwa kwa kuaminiana na mikopo ya mdomo. Mama amechukua magunia ya dagaa kwa mali kauli, mvua ikanyesha kabla hazijakauka. Mvuvi amekula hela ya tajiri wa mtumbwi kabla ya msimu, na samaki hawajapatikana. Mtu wa namna hiyo akipiga magoti, sura ya anayemdai inakuja kabla ya sura ya Mungu. Kumwambia aongeze maombi ni kumwongezea mzigo. Mwambie aende kwa anayemdai. Aseme ukweli: nina kiasi hiki, nitakulipa kwa mafungu haya, kuanzia siku fulani. Tajiri anaweza kufoka, lakini deni lililosemwa waziwazi haliisumbui akili kama lile linalokimbiwa kwa kupita njia ya nyuma. Mathayo 5:23-24 inatoa utaratibu ule ule kuhusu ugomvi: iache sadaka yako pale madhabahuni, ukapatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi.

Ukishaona orodha yako, chagua jambo moja tu la kulishughulikia mwezi huu. Anayeamua kuacha kila kitu kwa siku moja huwa amerudia kila kitu kabla wiki haijaisha.

2. Tafuta saa inayolingana na kazi yako

Ushauri tunaoupata mara nyingi ni "amka alfajiri usali". Ni ushauri mzuri, tena una msingi: Marko 1:35 inasema Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Kumbuka lakini kwamba alfajiri ya mvuvi wa dagaa siyo alfajiri ya karani wa ofisini.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, katika siku za giza. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wake unasambaa juu ya maji yote na taa haiwakusanyi tena dagaa, kwa hiyo kazi inasimama. Watu wa kambini wanaishi kwa kalenda hiyo ya mwezi. Siku za giza mvuvi anarudi alfajiri amelowa, anapakua, anakula, analala. Kumtaka asome sura mbili saa kumi na moja ni kumtaka asichokiweza. Siku za mbalamwezi ana muda tele: anashona nyavu, anaziba mtumbwi, anakwenda nyumbani Sengerema au Magu au Ukerewe kuona watoto. Siku hizo hizo ndizo pombe na kamari zinazomsubiri.

Kwa mvuvi, basi, utaratibu uwe wa aina mbili. Siku za giza achukue mstari mmoja tu, aliousoma au aliosomewa mchana, awe nao usiku wakati taa zinaelea na watu wanasubiri dagaa wakusanyike. Kuna kimya kirefu pale kati ya kushusha taa na kuvuta nyavu ambacho mtu wa mjini hakipati kwa mwaka mzima. Siku za mbalamwezi ndipo asome kwa kirefu, akae na wenzake, aende ibadani. Viongozi wa makanisa ya mwambao na visiwani nawaomba walizingatie hili. Tunapanga semina na mafundisho ya ubatizo kwa kalenda ya ukutani, kisha tunalalamika kwamba wanaume hawaji. Angalieni mwezi kabla ya kupanga.

Mama wa dagaa ana saa yake nyingine. Alfajiri ananunua, anatandaza kwenye chanja au juu ya mchanga, na kuanzia kama saa nne anasubiri jua lifanye kazi huku akifukuza ndege na kuku. Saa hizo mikono yake iko huru na mdomo wake uko huru. Zinafaa sana kwa kurudia polepole maneno aliyoyasikia, au kusikiliza Biblia iliyorekodiwa. Kama Kisukuma ndicho kinachomgusa zaidi kuliko Kiswahili, Biblia ya Kisukuma ipo, asione haya kuitumia.

Bodaboda asitegemee kijiwe. Kijiweni kuna ubishi wa mpira, na mteja anaweza kuita katikati ya sala. Dakika kumi kabla ya kuwasha pikipiki, akiwa bado uani kwake, zinamfaa zaidi. Muuguzi wa zamu ya usiku achukue muda wake baada ya kuamka mchana, siyo baada ya kutoka kazini macho yakiwa mazito. Mama mwenye mtoto mchanga achukue muda wa kunyonyesha, asome mstari mmoja, inatosha.

Kuhusu mahali, mji wetu umejaliwa mawe. Isamilo, Capri Point, Igogo, Mabatini, karibu kila mtaa una jiwe la kukalia ambapo unaona ziwa na kelele za barabara zinabaki chini. Nenda kukiwa na mwanga, na dada zangu msiende peke yenu sehemu iliyojificha. Kama kanisa lenu linaachwa wazi siku za kazi, kaa kiti cha nyuma. Kama nyumba ni chumba kimoja cha watu sita, waambie wenzako wazi: "Naomba dakika kumi na tano." Watoto wakizoea wataanza wenyewe kuambizana wanyamaze.

3. Simu

Si lazima uuze simu. Fanya haya manne.

Zima data au weka hali ya ndege kabla hujafungua Biblia, siyo baada ya ujumbe wa kwanza kuingia. Simu ikae chumba kingine au mkononi mwa mtu mwingine.

Tumia Biblia ya karatasi ukiweza. Ukisomea kwenye simu, kila taarifa inayochomoza juu ya kioo itakuvuta.

Pitia makundi yako ya WhatsApp. Kundi la ukoo, la kwaya, la wazazi wa shule, la kikoba, la jumuiya, la waliomaliza darasa la saba pamoja. Yale yasiyo na lazima toka kwa heshima, ukiaga. Yanayobaki yanyamazishe, uyafungue mara mbili kwa siku. Sitaki kuficha kwamba baadhi ya makundi yanayotusumbua zaidi ni ya kanisani. Jumbe arobaini za "Amina" asubuhi moja hazimsaidii mtu kumsikia Mungu.

Waambie watu mapema, ili wasidhani umewadharau. Ujumbe mfupi unatosha: "Bwana Yesu asifiwe ndugu zangu. Kila siku kuanzia saa 11 hadi saa 12 asubuhi simu yangu huwa imezimwa. Mwenye dharura ampigie mke wangu." Wakala wa kutuma na kupokea pesa hawezi kuzima simu ya kazi mchana, kwa hiyo yeye achague saa kabla hajafungua kibanda.

4. Namna yenyewe ya kusikia

Anza na Injili ya Marko. Ni fupi, sura 16, na sehemu kubwa ya nusu yake ya kwanza inatokea ziwani au karibu nalo. Ile inayoitwa Bahari ya Galilaya ni ziwa la maji baridi, dogo sana ukilinganisha na letu: urefu wake ni kama kilomita 21. Lakini mambo yake unayajua. Upepo unageuka ghafla jioni, watu wanatoka upande huu kwenda ng'ambo, nyavu zinashonwa ufukoni.

Soma kifungu kifupi, mistari sita hadi kumi na miwili. Kisome kwa sauti, hata kama uko peke yako, kwa sababu sauti yako inaizuia akili isitangetange. Kisome mara ya pili polepole. Kisha jiulize: nani yumo humu, wanaogopa nini, Yesu anafanya nini, anasema nini, na mimi ningesimama wapi? Nyamaza. Mwanzoni dakika tatu za kunyamaza zitakuwa ndefu mno, usizikimbie. Mwisho andika sentensi moja, kwa maneno yako, ya kile ulichosikia. Soma kifungu hicho hicho kesho yake, na siku ya tatu. Kifungu kimoja kwa siku tatu kinaingia ndani kuliko sura tisa za mbio.

Chukua Marko 4:35-41, dhoruba ziwani. Msomaji wa haraka anaondoka na somo la "Yesu anatuliza dhoruba za maisha". Anayesikiliza ataona zaidi. Ataona kwamba walivuka kwa sababu Yesu mwenyewe alisema wavuke. Ataona kulikuwa na vyombo vingine pamoja naye, na vyombo hivyo havitajwi tena. Ataona Yesu amelala shetri, yaani nyuma ya chombo, kichwa kwenye mto, maji yakiingia. Ataona kwamba wanafunzi waliogopa zaidi baada ya upepo kukoma kuliko kabla, wakiulizana, "Ni nani huyu?"

Hapa kwetu habari hii haisomwi kwa wepesi. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu na kisiwa cha Ukara. Mamia ya watu walikufa katika kila ajali, na kati yao walikuwamo watu waliomwamini Mungu na waliomlilia. Karibu kila familia ya Ukerewe inamjua mtu aliyebaki ziwani. Ukisimama mbele ya mjane wa mvuvi na kumwambia kwamba mwenye imani hazami, umesema jambo ambalo Marko hakuliandika, na umemwumiza. Aliyekaa na kifungu hiki siku tatu hatasema hivyo. Atasema kwamba Bwana alikuwamo chomboni, kwamba upepo na bahari vinamtii, na kwamba wanafunzi walimwamsha kwa swali la uchungu, "hujali?", naye akasikia. Hiyo ndiyo sababu naisisitiza sana hatua hii. Makosa mengi tunayoyafanya tukihubiri huanzia kwenye kusoma kwa haraka.

5. Kanisani na kwenye jumuiya

Fika mapema, kaa mbele, beba daftari. Kwa muumini hayo yanatosha.

Kwa viongozi ninalo la zaidi. Jumuiya ndogondogo, zilizosisitizwa sana na Kanisa Katoliki Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, na ibada za nyumba kwa nyumba za Waprotestanti, zilikusudiwa majirani walisikie neno pamoja. Katika mitaa mingi zimegeuka vikao vya michango: harusi, msiba, ujenzi, ziara ya askofu. Michango ni ya upendo na haina budi kuwepo, lakini ikitangulia inamaliza muda na inawafukuza maskini, maana asiye na hela siku hiyo anaona haya kuja. Badilisheni utaratibu. Neno lisomwe kwanza, mara mbili, na wasomaji wawili tofauti. Mnyamaze kidogo. Kila mtu aseme neno au sentensi iliyomgusa, bila kuhubiri na bila kumsahihisha mwenzake. Kisha sala. Michango iwe mwisho, dakika kumi, na hesabu isomwe bila kutaja nani hajatoa.

Kwaya nazo zisome andiko la wimbo kabla ya kuuimba. Mwanza ni mji wa kwaya, na tunajua jinsi mazoezi yanavyoweza kumalizika watu wameshika sauti na hawajashika ujumbe.

Spika zipunguzwe. Ukumbi wa watu hamsini hauhitaji spika za uwanjani. Mkutano unaopiga muziki hadi usiku wa manane katikati ya nyumba za watu unamnyima usingizi mgonjwa, mwanafunzi na Mwislamu jirani, nao wote ni watu tunaotaka watusikilize. Kelele pia zina kanuni zake kisheria, na chombo cha serikali cha usimamizi wa mazingira kina mamlaka juu yake. Lakini hata kanuni zisingekuwepo, upendo kwa jirani ungetosha kushusha sauti.

6. Kabla ya kumwambia mtu, msikilize

Filipo katika Matendo 8 alikimbilia gari la Mwethiopia, akamsikia akisoma, akaanza na swali: je, unaelewa unayosoma? Kwenye njia ya Emau Yesu mwenyewe aliyefufuka alianza kwa kuwauliza wale wawili walikuwa wanazungumza nini, akawaacha waseme habari yote, hata ile aliyoijua kuliko wao. Sisi mara nyingi tunaanza na jibu.

Anza na salamu, na usiiharakishe. Usukumani salamu ina nafasi yake na muda wake. Anayeikata ili afike kwenye "mada" ameshaonekana ni mtu mwenye haraka na watu. Angalia pia wakati. Mwaloni Kirumba mzigo unaposhuka hakuna mtu mwenye masikio, kwa hiyo ngoja soko litulie. Chuchumaa au kaa kama yeye amekaa. Usimsimamie mtu mzima kichwani.

Tuseme umemkuta mama wa makamo karibu na chanja, mvua ya usiku imepita. Kwa Kisukuma "mayu" ni mama, na "mwangaluka" ni salamu ya asubuhi.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba. Mwangaluka."

"Mwangaluka. Mvua ya jana haikuwaachia."

"Acha tu mwanangu. Magunia manne yamekwenda. Tena ya watu."

"Ya watu?"

"Mali kauli. Sijui nitamwambia nini mwenyewe."

Hapo watu wengi hurukia ahadi: Mungu atakufungulia mlango, panda mbegu, utavuna mara mia. Usifanye hivyo. Sema, "Pole sana mayu. Nikusaidie kugeuza zilizobaki?" Geuza naye. Huenda siku hiyo usiseme neno lolote la Injili, na siku hiyo isihesabike kuwa imepotea. Ukiondoka muulize kama unaweza kumwombea, na akikubali, omba sentensi mbili tatu, kwa sauti ya kawaida, ukitaja magunia na yule anayemdai. Akikataa, mshukuru na uagane naye vizuri.

Hili la kusikiliza kwanza lina historia hapa hapa. Padri David Clement, wa Wamisionari wa Afrika, alipokaa Bujora karibu na Kisesa miaka ya 1950, alijifunza nyimbo, ngoma na mila za Wasukuma, akazipa nafasi katika ibada, hata maandamano ya sikukuu ya Ekaristi yakaambatana na ngoma za Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora leo ni matunda ya usikivu huo. Wapo walioona amekwenda mbali mno, na mjadala huo ni halali, lakini watu waliousikia ujumbe kwa ngoma yao hawakuhitaji kuambiwa kwamba Mungu anawajua.

7. Sasa sema

Sema kwa ufupi, dakika tatu zinatosha. Anza na kile ulichosikia mwenyewe, ile sentensi ya daftari: "Wiki hii nimekuwa nasoma habari ya wavuvi waliokuwa wanazama, na neno moja limenikaa." Kisha fika kwenye kiini. Paulo anakiweka katika 1 Wakorintho 15:3-4: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Usiondoke bila kulisema hilo, kwa sababu ushauri mwema bila habari hiyo mtu anaweza kuupata redioni. Halafu nyamaza, umpe nafasi ya kuuliza au kukataa.

Usiahidi usichopewa kuahidi: utajiri, visa, mtoto, uponyaji wa siku fulani. Mtu anayetumia dawa za hospitali asiambiwe na mtu yeyote aziache. Usiseme vibaya dhehebu la mwingine wala Uislamu. Sheria ya nchi inakataza kukashifu dini ya mtu, na 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari kueleza tumaini letu kwa upole. Usipokee fedha siku hiyo, hata ukipewa kwa hiari. Nendeni wawili wawili, kama Yesu alivyowatuma wanafunzi katika Marko 6:7, hasa mkienda kambini au nyumbani kwa mtu mnayemfahamu kidogo.

Kuhusu kuhubiri ndani ya basi na daladala, najua wapo waliomjua Kristo kwa njia hiyo na siwezi kuidharau. Hata hivyo abiria hana pa kwenda, amelipa nauli, na pengine anatoka msibani. Kama ni lazima, omba ruhusa kwa sauti, sema dakika mbili, usipitishe bahasha. Mimi naona mazungumzo na yule mmoja uliyekaa naye kiti kimoja kutoka mjini hadi Buhongwa yanafika mbali zaidi.

8. Kufuatilia

Anayeguswa na neno anahitaji watu, siyo kipaza sauti. Andika jina lake kwenye daftari lako, siyo kwenye kundi la WhatsApp. Usimpige picha akisali ukaiweka kwenye status. Siri aliyokuambia, iwe ya ndoa, deni au ugonjwa, isiwe "ombi la maombi" mbele ya jumuiya bila ruhusa yake.

Rudi kwake ndani ya wiki moja, ukiwa na kifungu kifupi cha kusoma pamoja, mwanzo wa Marko kama hana mahali pengine pa kuanzia. Kama hasomi, msomee, kisha mwombe akusimulie alichosikia. Mara nyingi wasiosoma wanasimulia vizuri kuliko sisi tulio na vitabu.

Wavuvi huhama wakifuata samaki. Leo yuko Kayenze, mwezi ujao yuko Ukara, baadaye Goziba. Ukisikia anahama, muulize anakwenda kambi gani, kisha mtafute katekista, mwinjilisti au mzee wa kanisa wa huko, umpigie kabla mtumbwi haujaondoka, umwambie jina la mtu anayekuja na kifungu mlichofikia. Mpe msafiri namba hiyo imeandikwa kwenye karatasi, maana simu hulowa. Halafu angalia kalenda ya mwezi, ujue siku za mbalamwezi zinaanza lini, na umpigie siku hizo atakapokuwa na nafasi ya kuongea.